Zaburi ya Tabitha

Tabitha alikufa Jumanne, na nilipopewa habari nilifurahi. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akafika katikati akadai amedanganywa. Binti yake, Neema, alikuja kwangu asubuhi kwa bodaboda, kitenge kiunoni, macho yamemvimba, akanipa shikamoo pale mlangoni. Niliitikia marahaba, nikamvutia kiti, nikamtilia chai, nikampa pole zote ambazo mzee wa makamo yangu anatakiwa ampe mtoto aliyefiwa. Moyoni, hata hivyo, palikuwa na sherehe. Mwenyekiti wa akina mama, sauti ya kwanza ya kwaya, mwanamke ambaye kanisa zima lilimpisha njia, ametangulia yeye, na mimi niliyekalia benchi la nyuma kwa ajili yake bado natafuna karanga kwa meno yangu mwenyewe. Neema alikunywa chai nusu kikombe, akafuta uso kwa pindo la kitenge, kisha akasema lililomleta.

“Mama mkubwa, marehemu kaacha usia. Kasema siku ya kumzika, neno asome Debora. Kasema, ‘Mwambieni asome zaburi yangu, anaijua.’ Tukamuuliza, mama, ni ipi hiyo? Hakutujibu. Tumefungua Biblia yake yote, hamna hata moja iliyopigwa mstari. Mchungaji anasema lazima itakuwa ile ya mchungaji na kondoo.”

“Siyo hiyo,” nikasema.

“Wewe unaijua, mama mkubwa?”

“Naijua.”

Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, mtoto wa watu, maana hakujua anaomba nini. Zaburi ya Tabitha ni ya mia na tisa. Anayeifahamu ameshashtuka, asiyeifahamu nitamweleza: ni zaburi ya laana. Aliyeitunga amesingiziwa na mtu aliyempenda, naye anamwomba Mungu ampunguzie adui huyo siku za kuishi, cheo chake akitwae mwingine, watoto wake wabaki yatima, na laana impenye mpaka kwenye mifupa. Sijaona kanisa linaloisoma mazikoni. Mimi niliisoma juu ya Tabitha nikiwa na miaka kumi na sita, nikalitaja jina lake, naye ameketi anasikia. Mwaka nilioisoma ndio mwaka nilioanza kumjua Mungu, na mambo hayo mawili sijawahi kuweza kuyatenganisha, ingawa wachungaji kadhaa wamejaribu kunisaidia.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Mwingereza. Mimi na Tabitha tulishuka pamoja kutoka Usambara kuja Tanga kujifunza ushonaji, na kumalizia mafundisho ya kipaimara katika kanisa la mjini. Tulitafutiwa chumba Ngamiani, kwa Bi Mwanaidi, mjane wa Kidigo aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi barazani kwake. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, tukalala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu usoni kwake. Tulikuwa na Biblia moja ya kushirikiana, taa moja ya kandili, na sanduku moja la bati ambalo kila mmoja alikuwa na upande wake. Mara ya kwanza Bi Mwanaidi alipotuandalia bada, ule ugali wa muhogo wa watu wa Tanga, kwa mchuzi wa papa mkavu, Tabitha aliziba pua, na mimi nikala sahani yangu na ya kwake. Bi Mwanaidi alinipenda tangu siku hiyo. Kuta za ndani za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo hapakuwa na siri. Alfajiri tuliamshwa na sauti yake akiswali na kuvuta uradi, na jioni yeye alitusikiliza tukikariri amri za Mungu na maelezo yake. “Nyie watoto wa milimani,” alituambia siku moja akigeuza vitumbua, “mnakariri kama kasuku. Maneno ya Mungu hayasemwi mbio mbio kama mnafukuzwa na mbwa.” Tabitha alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo simnyimi.

Sasa gauni. Kwenye duka moja la Kihindi Barabara ya Nane nilipata kipande cha mwisho cha jora la manjano lenye maua mekundu, na mwenye duka akaniapia kwamba Tanga nzima hakuna kingine. Nililishona mwenyewe gauni hilo, kola pana, kiuno kimebana, na kila nilipopita nalo watu waligeuka. Jioni moja Tabitha aliniomba alivae kwenda mazoezi ya kwaya. Nikampa, nikamfunga na vifungo vya mgongoni. Mimi nikabaki uani na Bi Mwanaidi tukitwanga mchele wa vitumbua vya kesho. Tabitha hakwenda kwaya. Alikwenda ukumbi wa dansi, ambako mwanafunzi wa kipaimara aliyeonekana hakuwa na la kujitetea. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akipita na baiskeli yake, akaliona gauni la manjano likiingia mlangoni na mkono wa mwanamume ukiwa kiunoni. Uso hakuuona. Gauni alilijua, kwa sababu Jumapili iliyopita mkewe alikuwa amenisifia.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Aliyenila mimi alikuwa ndani ya nguo yangu kabisa. Baraza la wazee liliketi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mwenyekiti akiwa Mwinjilisti Zakaria, mtu mrefu aliyekuwa na desturi ya kusugua miwani yake kwa tai kabla ya kusema jambo baya. Nilieleza kwamba niliazimisha gauni. Wakamwita Tabitha. Alisimama mbele yao ameshika Biblia yetu, ile ya kushirikiana, akasema, “Mimi nilikuwa chumbani, kichwa kinaniuma, nimelala. Debora ndiye aliyetoka.” Hakunitazama. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa kule kwetu, na nadhani aliona afadhali aangamie rafiki kuliko baba apate aibu. Nadhani tu; hakuwahi kuniambia, na sikuwahi kumuuliza. Ndipo Bi Mwanaidi alipoingia, hakuitwa, buibui limefunika kichwa, bado ana harufu ya mafuta ya vitumbua. Alisema, “Wazee wangu, n'na jambo. Msichana huyu jioni hiyo alikuwa kwangu uani, tunatwanga mchele, tangu magharibi mpaka kulala. Aliyetoka ni huyo hapo.” Mwinjilisti Zakaria akasugua miwani. “Ahsante mama,” akasema. “Lakini mambo ya kanisa tunasikiliza ushahidi wa waumini.”

Nilitengwa. Kwa asiyejua, kutengwa ni kuondolewa kwenye darasa la kipaimara, kunyimwa haki ya kusogelea meza ya Bwana, na kukaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, ili kila anayeingia akuone na kila anayetoka akuone tena. Juu ya hayo Mwinjilisti alinipa adhabu ya kufagia kanisa kila asubuhi mpaka nitakapotubu. Jumapili ya Matawi, Tabitha alipata kipaimara akiwa na gauni jeupe ambalo nilikuwa nimemshonea mimi kabla ya hayo yote, lenye lesi kifuani. Nilikaa benchi langu nikatazama mshono wa bega la kushoto, ambao haukuwa umekaa vizuri, nikaomba ufumuke. Haukufumuka. Siku hizo nilikuwa nashona vizuri mno.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Bi Mwanaidi amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na nazi ile siku hiyo aliipa adhabu isiyo yake. Hakuwa amesahau kwamba neno lake lilikataliwa. Alinitazama nikivua kitambaa cha kichwa, akasema, “Nawe umenyamaza tu?”

“Nifanye nini, Bi? Wameshaamua.”

“Sisi mtu akidhulumiwa husomewa Halbadiri. Walimu hukaa wakasoma, na aliyedhulumu huonekana. Mwingine huvimba tumbo, mwingine hupayuka barabarani akasema mwenyewe. Kwani nyie hamna Kitabu?”

“Tunacho.”

“Hamna ndani yake maneno ya mtu aliyedhulumiwa?”

Nikakumbuka kwamba yapo. Tulikuwa tumeyapita darasani, mwalimu akayaruka. Nikamwambia zipo zaburi, na kuna moja mbaya sana. Akaacha kukuna nazi.

“Basi soma. Lakini n'kwambie, mwanangu, kisomo si mchezo. Uwe na haki, maana kama huna haki kitakurudia mwenyewe. Mdomo uwe safi, usisengenye wala usiseme uongo muda wote unaosoma. Na kisomo hakirukwi. Hushiki hapo katikati unapopataka wewe. Unaanza mwanzo, unafuata, mpaka ufike.”

“Husemwa dua la kuku halimpati mwewe, Bi.”

“Hilo la kuku. Dua la mja aliyedhulumiwa halina pazia mbele ya Mungu. Nenda kasome.”

Mkristo gani mwingine amewahi kufundishwa kusoma zaburi kwa kanuni za Halbadiri, sijui. Mchungaji mmoja niliyemsimulia miaka mingi baadaye alisema nilichanganya mafuta na maji. Huenda. Ninachojua ni kwamba bila kanuni za mjane yule wa Kidigo ningefungua zaburi ya mia na tisa asubuhi ya kwanza, nikaimwaga yote juu ya Tabitha, nikafunga kitabu, na leo ningekuwa mwanamke mwenye kinyongo tu. Kinyongo ninacho bado, lakini si hicho tu. Kwa sababu kisomo hakirukwi, ilinibidi nianze zaburi ya kwanza. Biblia yetu alikuwa nayo Tabitha, tena tulikuwa tumeacha kusemeshana, nimehamia kulala kwenye mkeka chumbani kwa Bi Mwanaidi. Nikasoma Biblia kubwa ya kanisani, iliyokuwa juu ya mimbari, mahali ambapo mtu aliyetengwa hakutakiwa kukanyaga. Lakini ufagio ulinipa ruhusa, kwa sababu hata mimbari hupata vumbi. Nilifagia kwanza, nikafuta mabenchi, kisha nikapanda, nikaweka ufagio ukiniegemea, nikasoma kwa sauti kama nilivyoagizwa. Kufutia mabenchi nilitumia matambara ya manjano yenye maua mekundu. Gauni nilikuwa nimelikata vipande kwa mkasi wangu wa darasani, na benchi la mzee mwenye baiskeli nililifuta nalo kuliko mengine yote.

Asubuhi za mwanzo nilisoma kama mtu anayepita nyumba za watu akielekea kwa adui yake. Sikutaka kuingia popote. Lakini huwezi kupita nyumba nyingi hivyo mlango wazi usisikie yanayosemwa ndani. Kanisa lilikuwa tupu, mbao za dari zikilia jua lilipoanza kuzipasha, kunguru juu ya bati, na sauti yangu peke yake ikisema maneno ambayo sikuwa nimeyatunga. Mtunzi mmoja anauliza nani atakayeruhusiwa kupanda mlima wa Bwana, na kujibiwa, mwenye mikono safi na moyo mweupe. Nikatazama mikono yangu. Mikono ilikuwa safi, moyo sikuutazama. Mwingine analia usiku mpaka kitanda kinalowa. Mwingine anasema waziwazi kwamba Mungu amemsahau, hamalizi kwa kusema samahani, nami nikashangaa kwamba jambo kama hilo limeachwa ndani ya Kitabu kitakatifu. Darasani tulikuwa tumefundishwa majibu. Kule juu ya mimbari nilisikia watu wakiuliza, wakigomba, wakidai, wakinung'unika, na kila mmoja akisema na mtu aliyeko pale. Polepole, bila kukusudia, nilianza kuwa na mtu mle ndani. Nikifungua mlango asubuhi nilijihisi nimechelewa, kama mtu anayesubiriwa. Wakati mwingine nilimaliza kusoma nikakaa tu kwenye ngazi ya mimbari, sisemi kitu, jasho la kufagia likinikauka mgongoni, na ukimya ule haukuwa wa chumba kisicho na mtu. Na kwa sababu mdomo ulitakiwa uwe safi, nilianza kuwa msichana asiyesengenya, jambo lililowachosha wenzangu wa darasa la ushonaji. Hasira yangu juu ya Tabitha haikupungua hata kidogo. Ilinenepa. Ila sasa nilikuwa na wa kumwambia.

Masika ilipokolea, Tabitha akaugua. Homa ilimkamata, uso ukavimba, akawa analala mchana chumbani kwetu amejifunika kanga mbili huku akitetemeka. Bi Mwanaidi alimpelekea uji, akasimama mlangoni, akamwambia bila kupepesa macho, “Kisomo hicho, mwanangu. Mwenzio anakusomea.” Alikuwa mwanamke mwema sana, lakini neno lake lilikuwa limekataliwa mbele za watu. Mtaa mzima ukajua. Wanawake waliokuja kununua vitumbua walipunguza sauti wakipita dirishani kwa mgonjwa.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimeshapanda mimbari niliposikia mlango. Tabitha aliingia amelowa, amejishikilia ukutani, akaanguka kwenye benchi la kwanza alilolifikia, ambalo lilikuwa benchi langu la nyuma.

“Debora, niache,” akasema.

“Sijakushika.”

“Unanisomea. Najua. Nakufa mimi.”

“Nenda kwa wazee ukaseme kweli. Nitaacha leo leo.”

“Siwezi.” Alilia. “Baba atanirudisha nyumbani. Hatanitazama tena usoni. Unamjua baba.”

“Na wangu hujui kwamba ameshapelekewa habari?”

Mvua ilipiga juu ya bati, ikabidi nipaze sauti. “Basi kaa hapo,” nikamwambia. “Nimefika ya mia na tatu. Ya kwako haiko mbali.”

Asubuhi nyingine nilikuwa nasoma nne au tano. Siku hiyo niliapa nisishuke mpaka nifike. Nikafungua, na pale mbele yangu ilikuwa zaburi ya mia na tatu, ambayo kila Mkristo anaijua, ya kumhimidi Bwana anayesamehe maovu yote na kuponya magonjwa yote. Nilitaka kuiruka, wallahi. Nilifika hata kushika ukurasa. Lakini kisomo hakirukwi, na nilikuwa nimekuja mbali mno kukiharibu kwa ajili ya ukurasa mmoja. Nikaisoma. Nikaisoma haraka, nikimeza maneno, kwamba Bwana hakututenda sawasawa na makosa yetu, kwamba anawahurumia watoto wake kama baba, na nyuma kule mwanamke aliyeniharibia jina alikuwa ameinamisha kichwa juu ya magoti anatetemeka. Nikapita ya uumbaji, nikapita zile ndefu za jangwani, koo linanikauka. Nikafika. Hapo sikumeza neno. Kila mahali Kitabu kiliposema “yeye”, nilisema Tabitha. Siku za Tabitha na ziwe chache. Cheo cha Tabitha na akitwae mwingine. Sauti yangu ilienda mpaka mlangoni ikarudi. Nilikuwa nimeshamjua niliyekuwa nikimwambia, na kwa hiyo niliyasema kwa kumaanisha, kuliko nilivyowahi kumaanisha sala yoyote. Nilipomaliza Tabitha alikuwa ananitazama. Aliinuka akatoka nje mvuani, amejishika ukuta kama alivyoingia.

Wiki haikwisha homa ikamwachia. Alikunywa kwinini, ni kweli, lakini alikuwa ameinywa tangu mwanzo. Uso ukanywea, akala, akaanza kuimba tena. Nilimpelekea Bi Mwanaidi malalamiko yangu kama mteja aliyeuziwa bidhaa mbovu. Aliniuliza nilisoma nini siku ile, kabla ya hiyo ya laana. Nikamwambia. Akaweka mwiko chini.

“Maneno ya kuponya magonjwa, mgonjwa yupo anasikia?”

“Kisomo hakirukwi, ulisema mwenyewe.”

“Basi umemganga kwanza ndipo ukamlaani.” Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. “Loo, mwanangu! Mungu wenu huyo kapokea la mwanzo.”

Sikucheka. Nilikwenda kanisani nikamgombeza Mungu. Nilimwambia kwamba nilikuwa na haki, mdomo wangu ulikuwa safi, nilifuata mpaka mwisho, naye amechagua zaburi moja kati ya zote, ile moja niliyoisoma vibaya, na hiyo ndiyo aliyoijibu. Nilimgombeza masika yote. Nilifagia kwa hasira, nikasoma kwa hasira, nikamaliza zaburi zote na nikaanza tena mwanzo ili nimwonyeshe maneno yake mwenyewe. Siku moja katikati ya ugomvi huo nilishtuka. Nilitambua kwamba sijawahi hata mara moja kujiuliza kama yupo. Asiyekuwepo humkasirikii hivyo. Katika darasa la kipaimara nilikuwa nimejifunza kusema nasadiki. Sasa nilikuwa nagombana kila asubuhi na niliyemsadiki, na kesho yake narudi. Sijui jina lingine la imani. Vijana wakiniuliza namna ya kuipata huwaambia wakae mbele zake kila siku, Kitabu kiwe wazi, wasiruke ukurasa. Siwaambii kilichonikalisha mimi.

Baada ya kiangazi kuingia, Mwinjilisti Zakaria aliniita mbele ya kanisa zima. Ilikuwa desturi: aliyetengwa husimama, hukiri, hurudishwa kundini, watu huimba. Baba yangu alikuwa ameniletea neno kwamba nikiri tu yaishe. Hata Bi Mwanaidi alisema, “Sema wanalolitaka, mwanangu, upate haki yako.” Ilikuwa sentensi moja tu. Ningekuwa na kipaimara, ningerudi milimani na uso. Mwinjilisti akasugua miwani yake. “Debora,” akasema, “unakiri kwamba ulikwenda dansi, na unatubu?”

Niliitazama ile Biblia juu ya mimbari. Kesho asubuhi ningepanda pale na ufagio wangu, na yule aliyekuwa ananisubiri mle ndani angekuwa amesikia. Nikasema, “Ninayo ya kutubu mengi, na Mungu mwenyewe nimeshamwambia. Hilo la dansi sikulitenda.” Kanisa likaguna. Kwenye kwaya Tabitha aliangalia kitabu chake cha nyimbo. Nilimpa muda, nikisimama pale, watu wote wanangoja. Nilimpa muda wa kutosha mtu kuinuka na kusema maneno matatu. Hakuinuka. Nikarudi kwenye benchi langu nikakaa, na nilikalia mpaka karibu na Noeli, alipokuja mchungaji mpya aliyenikuta asubuhi juu ya mimbari na ufagio. Alisikiliza zaburi nzima mlangoni. Kisha akaniuliza nimesoma mara ngapi, nikamwambia naingia ya saba, na Jumapili iliyofuata akaniwekea mikono bila kuniuliza habari za gauni. Hapakuwa na wimbo.

Jina langu hakuna aliyelisafisha. Tabitha aliolewa Tanga, na mimi nikaolewa Tanga, tukazeeka kwenye kanisa moja, yeye mbele na mimi nyuma, kwa sababu benchi lile nililizoea na sikutaka kulihama. Wapo walioniita Debora wa dansi hata nilipokuwa na wajukuu. Yeye aliwasikia. Kila mwaka, Jumapili ya Matawi, tulipeana mkono wa amani, na kila mwaka mkono wake ulikuwa wa baridi.

Tulimzika jana alasiri. Makaburini palijaa, kwaya ina sare, maua ya plastiki, vipaza sauti. Mchungaji, kijana wa umri wa wajukuu zangu, alitangaza kwamba marehemu aliomba neno lisomwe na rafiki yake wa ujanani. Nikasogea, Neema amenishika kiwiko. Nilifungua ya mia na tisa nikaanza. Kwenye mistari ya mwanzo, ya mtu aliyelipwa chuki kwa upendo wake, watu walikuwa wametulia. Nilipofika kwenye siku ziwe chache, mchungaji alinitazama kama bibi kizee aliyekosea ukurasa, akanyoosha mkono anifunulie penginepo. Nikausukuma mkono wake. Niliisoma yote, sikuruka hata neno. Kila mahali nilipolitia jina lake asubuhi ile ya mvua, nilivuta pumzi, nikaliacha lile “yeye” kama lilivyoandikwa. Jina sikulitia. Hicho ndicho nilichoweza.

Nilipofunga Kitabu ilisikika sauti ya koleo. Neema hakuniachia kiwiko. “Mama mkubwa,” akaninong'oneza, na wote waliokuwa karibu wakatega masikio, “hiyo ndiyo zaburi ya mama? Alikukosea nini?”

Swali hilo nililisubiri tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Jibu nilikuwa nalo, nimelinoa miaka yote hiyo, na waliotakiwa kulisikia walikuwa wamesimama pale pale, wana kwaya, wazee wa kanisa, akina mama wake wote. Na marehemu alikuwa amenipa ruhusa kwa mdomo wake. Ndiyo maana ya usia ule, hakuna nyingine. Nikafungua mdomo. Neema alikuwa na macho ya mama yake, yale ya asubuhi ile ya mvua, kwenye benchi la nyuma.

“Aliazima gauni langu,” nikasema. “Tukagombana.”

“Basi?”

“Basi.”

Nikapandishwa bajaji. Njia nzima mpaka nyumbani nilimgombeza Mungu kwa sauti, kwamba kwa mara nyingine amechukua la kwake na kuniachia la kwangu mkononi, mpaka kijana wa bajaji akadhani naongea na simu. “Siku ya leo nimekuachia,” nilimwambia Mungu, “lakini kuandika nitaandika.”

Hakunikataza.